Kulika kwa Mawe ya Mbulu na Hanang

Wilaya zetu mbili zimekalia mawe ya namna mbili yasiyofanana hata kidogo, na nadhani wengi wetu tuliondoka shuleni bila kulijua sawasawa jambo hilo, ijapokuwa tulilibishania kila jioni bwenini. Nchi ya Mbulu, toka vilima vya Kainam hadi Dongobesh na kuendelea mpaka Haydom, ni nchi ya matale, yaani graniti, pamoja na ndugu yake naisi, ambaye ana mistari mistari kama kitambaa. Hayo ni mawe ya kale mno. Umri wake huhesabiwa kwa maelfu ya mamilioni ya miaka. Hanang ni habari nyingine. Mlima wenyewe, unaopanda zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, ni volkano, mtoto wa juzi katika hesabu ya dunia, na mawe yake ni lava nyeusi nzito pamoja na majivu yaliyogandamana. Yale mashimo ya Basotu yenye maziwa ndani yake ni alama za milipuko. Basi wavulana wa Katesh walisema jiwe lao jeusi ndilo gumu, wa Mbulu wakasema lao, na hoja ilikatwa kwa kugonganisha mawe mawili mpaka moja lipasuke, au mpaka mwalimu wa zamu atokee.

Ndugu zangu, ubishi ule ulikuwa na maana kuliko tulivyodhani, nami naurudia leo kwa sababu kamati ya mkutano wetu imetuletea pendekezo. Yatakiwa tuchange fedha ili zile ngazi tisa za mawe mbele ya jengo la zamani zivunjwe, na mahali pake pawekwe zege na vigae. Sababu iliyotolewa ni kwamba mawe "yamechoka". Mimi nilisoma jiolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla ya kuhamia kazi ya mafaili huku Dodoma nilitumikia miaka kadhaa katika maabara ya vifaa vya ujenzi nikipima kokoto za barabara. Neno hilo la kuchoka limenikera kidogo. Jiwe hulika, au hupasuka, au huoza, na kila moja ya hayo lina sababu yake na dawa yake. Kabla hatujatoa fedha yafaa tujue la kwetu limepatwa na lipi.

Wa kwanza kuyapima mawe ya nchi hii walikuwa wanawake waliosaga nafaka. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jiwe la kusagia la matale, limelika katikati kama mtumbwi, na jiwe dogo la mkononi la kusukumia. Jiwe la chini lilipolainika, mtama uliteleza badala ya kusagika. Hapo bibi alichukua kipande cha jiwe gumu, akaligonga-gonga lile la chini uso wote mpaka lipate meno tena. Jiwe jeusi lenye punje ndogo alilikataa kabisa kwa kazi hiyo. Alisema halikawii kuwa kama kioo. Maelezo yake ni haya. Matale yamechanganyika vitu vitatu: kwatzi, zile punje za kung'aa kama chumvi ya mawe, feldispa, ambayo ni nyeupe au ya rangi ya waridi, na ulanga, vile vijani vya kumetameta. Vitu hivyo havilingani kwa ugumu, hivyo haviliki kwa mwendo mmoja. Ulanga na feldispa hutangulia, kwatzi hubaki imesimama, na huko kusimama kwake ndiko meno. Jiwe lenye punje ndogo za namna moja hulika sawasawa pande zote, likang'aa, likateleza. Chuoni mhadhiri alitumia saa nzima na picha za darubini kutufundisha jambo hili, nami nilikaa nyuma nikimwaza bibi.

Walakini jiwe lililolika halikupotea. Kila aliyekula ugali wa unga wa jiwe alikula na jiwe lenyewe kidogo kidogo, na meno ya wazee wa zamani yalionyesha hivyo.

Kazi hiyo ni ya kale kuliko makabila tunayojiita leo. Pale Luxmanda, juu ya uwanda wa Mbulu, wataalamu wa mambo ya kale, akiwamo Profesa Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamechimbua makazi ya wafugaji wa yapata miaka 3,000 iliyopita. Ni miongoni mwa makazi makubwa ya namna hiyo yanayojulikana katika Afrika Mashariki, na yako kusini zaidi ya mengine. Wafugaji wa enzi hizo wanajulikana kote katika Bonde la Ufa kwa mabakuli ya mawe na mawe ya kusagia, na mabakuli mengi yalichongwa katika jiwe la volkano, kwa kuwa linachongeka. Tazama basi: jiwe laini lilichaguliwa kwa kuchonga, na jiwe lenye meno kwa kusaga. Hakuna aliyeuliza kwa jumla tu lipi ni gumu.

Wenzetu wa Hanang wasinune. Ujerumani, katika nchi ya Eifel ambayo nayo ina maziwa ya mashimo ya volkano kama Basotu, lava yenye vitundu vitundu ilichongwa mawe ya kusagia tangu zama za Warumi, ikasafirishwa mbali sana. Vile vitundu ndivyo meno yake; ukuta wa kitundu kimoja ukilika, kingine hufunguka chini yake. Kwa hiyo bibi yangu alikataa lava ya aina moja, si lava zote.

Katika ujenzi wa nyumba mababu zetu hawakutegemea mawe. Nyumba za Wairaqw wa zamani zilichimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo, hata adui aweze kupita juu asijue kwamba chini yake wamelala watu na ng'ombe. Atakaye kuona mawe yaliyopangwa na wahenga hana budi kwenda Engaruka, kaskazini ya Ziwa Manyara, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Huko ziko kuta za makonde na mifereji zilizopangwa bila chokaa wala udongo wa kushikia, na zimeachwa tangu karne ya 18 au karibu yake. Wako wataalamu waliowahusisha watu wa Engaruka na Wairaqw. Hilo ni shauri refu, sitaliingia. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mawe yale hayakuchongwa na yamesimama mamia ya miaka, kwani ukuta wa konde hausuguliwi na mtu. Jiwe la ukutani hupigana na mvua na jua. Jiwe la sakafu, la ngazi, la kizingiti na la barabara lina adui wa tatu, naye ni miguu na magurudumu.

Jiwe la kuchongwa lilikuja kwetu pamoja na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, likaendelezwa na misheni na serikali ya Waingereza. Saruji ilitoka ng'ambo, ikapanda meli, ikapanda reli, ikamalizia kwa lori katika barabara ambazo wakati wa masika zilikuwa mito. Mawe yalikuwa chini ya nyayo. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji mwaka 1966, na tangu hapo jiwe limeshushwa cheo polepole: kwanza likawa la msingi tu, kisha likawa kokoto. Mafundi waliojua kulipasua kwa mstari wamezeeka. Hili ndilo linalonisikitisha zaidi ya ngazi zenyewe.

Sasa nieleze jinsi mawe yanavyopimwa, maana hapo ndipo ubishi wa bwenini unapopata hukumu. Wafaransa walitangulia katika karne ya 19 kwa mashine iliyoitwa Deval, wakizungusha kokoto ndani ya silinda ili zisuguane. Baadaye Wamarekani walitengeneza kipimo kinachoitwa Los Angeles, ambacho ndicho kilichoenea duniani, nasi pia twakitumia. Ni pipa la chuma lenye kipenyo cha milimita 711, na ndani yake kuna ubao mmoja wa chuma. Hutiwa kilo 5 za kokoto pamoja na tufe za chuma, pipa likazungushwa mara 500. Ubao huzibeba kokoto na tufe mpaka juu na kuziangusha pamoja kwa kishindo. Usimame chumbani humo bila kuziba masikio ukaone. Kisha kokoto huchekechwa katika tundu za milimita 1.7, na kile kilichopita kuwa unga ndicho hasara ya jiwe.

Basalti nzuri hupoteza asilimia 10 hadi 17. Graniti hupoteza asilimia 27 hadi 49. Naisi ni mbaya zaidi, 33 hadi 57. Mtu wa Mbulu nilipozisoma hesabu hizo mara ya kwanza sikufurahi. Lava nyeusi yenye punje ndogo zilizofumana kama mkeka uliosukwa vema hushinda matale yetu yenye punje kubwa, kwa sababu kishindo hutafuta mpaka kati ya punje na punje, na punje kubwa zina mipaka mirefu iliyonyooka. Naisi ina ulanga uliolala katika matabaka, na ulanga hupasuka kama kurasa za kitabu. Waliotembea barabara ya lami toka Babati kupitia Katesh hadi Singida wamepita juu ya swali hili, kilomita baada ya kilomita.

Lakini lipo la kustaajabisha. Jiwe la chokaa, ambalo mtu aweza kulikwaruza kwa kisu, hupoteza asilimia 19 hadi 30 tu, yaani hupata alama nzuri kuliko graniti! Je, tujenge ngazi za chokaa? La. Pipa la Los Angeles hugonga zaidi ya linavyosugua, nalo lilitengenezwa kwa ajili ya kokoto za barabara. Mawe ya sakafu yana kipimo chake, ambapo jiwe hukandamizwa juu ya bamba la chuma linalozunguka lililonyunyiziwa unga mgumu, na huko chokaa hulika vibaya. Hupati jibu mpaka uulize nani anayelishambulia jiwe, na kwa silaha gani.

Silaha ya ngazi ni mchanga. Soli ya kiatu ni laini, haiwezi kulila jiwe. Kinacholila ni zile punje zilizoshikwa kati ya soli na jiwe. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini kumi kwa ugumu, kila moja likiweza kulikwaruza lililo chini yake. Ulanga wa matale yetu una 2.5 au 3, madini ya chokaa 3, feldispa 6, kwatzi 7. Na mchanga wa Mbulu ni nini kama si matale yaliyooza? Feldispa imegeuka udongo wa mfinyanzi, ulanga umesombwa, kwatzi imebaki. Mtoto wa Mbulu huingia darasani akiwa na msasa chini ya viatu vyake.

Huko Hanang, udongo wa miteremko ya mlima umetokana na lava yenye madini yaitwayo nefelini, na jiwe lenye nefelini halina kwatzi. Kimaumbile havikai chungu kimoja. Vumbi la mlimani ni jeusi, jingi, lachafua mashati, lakini silo tupa kama la Mbulu. Hivyo jiwe lile lile lingeweza kuishi miaka mingi zaidi mbele ya nyumba iliyo kwenye mteremko wa Hanang kuliko mbele ya nyumba iliyo Daudi au Tlawi, na sifa isiwe ya jiwe bali ya vumbi. Wapwani walilijua hili kwa njia yao. Mji Mkongwe wa Zanzibar na majengo ya Kilwa ni mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa tupu. Kuta zimedumu karne nyingi kwa kupakwa chokaa, lakini sakafu zilipaswa kupigwa chokaa upya kila zilipolika. Walitengeneza tabaka la kuliwa ili jiwe lenyewe lisiliwe.

Siwezi kuandika juu ya mawe ya Hanang nikaruka tarehe 3 Desemba 2023. Alfajiri ile, baada ya mvua kubwa, tope na mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani mpaka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafa, na wako miongoni mwetu waliofiwa. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Wavulana waliosema jiwe la Hanang ni gumu hawakusema uongo, lava yao ni ngumu kweli. Lakini mlima ule ni lava juu ya majivu na majivu juu ya lava, na majivu yaliyogandamana hunywa maji kama sifongo. Mlima mmoja una jiwe la kushinda pipa la maabara na jiwe linalovunjika mkononi, umbali wa hatua chache. Anayejenga kule leo na achukue jiwe, aliloweke ndoo ya maji usiku kucha, alipime uzito kabla na baada ya kuloweka. Haihitaji shahada.

Basi tuzikagué ngazi zetu. Mwezi Juni nilipita shuleni, nikapewa ruhusa, nikazipima. Mawe saba kati ya tisa ni naisi ya punje za kati, tabaka zake zimelazwa chini kama inavyotakiwa, nayo ni mazima. Ukiyagonga kwa nyundo yanalia kama kengele. Jiwe la tatu, ambalo limelika kuliko yote, limepungua milimita 20 hivi katikati. Tuseme wanafunzi 400, kila mmoja akikanyaga mara 6 kwa siku, siku 200 kwa mwaka: ni nyayo 480,000 kwa mwaka, na kwa miaka 60 ni nyayo milioni 28.8. Jiwe hilo limetoa chini ya milimita moja kwa kila nyayo milioni, tena nyayo zenye kwatzi. Nionyesheni kigae kitakachofanya hivyo. Jiwe la chini lina mifereji kumi na miwili ukingoni, ambako vizazi vya wanafunzi vilinolea fyekeo kwa maji na mchanga kabla ya kazi za mikono.

Mawe mawili yaliyobaki, la tano na la sita, ndiyo yanayotia aibu. Yanabambuka maganda kama kitunguu, na ukiyagonga yanatoa sauti ya chungu chenye ufa. Hayo hayakuwapo tangu mwanzo. Saruji iliyoyazunguka ni ya baadaye, na rangi yake ya wekundu inasema yalipasuliwa kwa moto. Sote tumeona jinsi inavyofanywa machimboni: kuni au matairi huchomwa juu ya mwamba, kisha humwagiwa maji baridi, mwamba ukapasuka. Njia hiyo ni rahisi, na kwa kokoto za msingi si neno. Lakini kwatzi hutanuka sana kwenye moto kuliko jirani zake, ikayasukuma, na jiwe zima hubaki limejaa nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Maji huingia humo, na nyayo humalizia. Kamati imeyatazama mawe haya mawili ikayahukumu yote tisa.

Vigae nitasema kidogo. Kigae cha kung'arishwa ni kigumu kweli kwa kukwaruzwa, lakini ni chembamba, hupasuka pembeni kikigongwa, nacho kikiloana huteleza. Kila aliyesoma kwetu anakumbuka manyunyu ya Juni na Julai na jinsi wavulana wanavyokimbilia chakula.

Pendekezo langu ni kwamba yale mawili yaliyoungua yaondolewe, na mengine yachukuliwe katika mwamba mzima, yapasuliwe kwa tindo na kabari bila moto. Mawe sita kati ya yale saba mazima yageuzwe, chini kuwe juu. Hii ni dawa ya zamani, imetumika nchi nyingi. Uso wa chini haukuchongwa, kwa hiyo fundi atahitaji kama siku mbili kwa kila jiwe, na gharama yake nimeipeleka kwa mweka hazina ilinganishwe na ile ya vigae. Jiwe la chini kabisa lisiguswe. Halijalika katikati kiasi cha kumwangusha mtu, na wako watu wazima wenye mvi wanaojua mfereji upi ni wa fyekeo lao.

Kila jiwe lina urefu wa mita 1.8, upana wa sentimita 40 na unene wa sentimita 18, yaani uzito wa kilo 340 hivi. Watu wanane wenye mitaimbo minne na magogo ya kuviringishia wanaliweza. Mkutano wetu ni mwezi wa Agosti, wakati wa kiangazi, na Ijumaa kabla ya mkutano haina ratiba yoyote. Nitakuwapo toka saa moja asubuhi. Wenye mitaimbo waje nayo, maana shule inao mmoja tu.